Mgeni Anayelala na Mgeni Anayepita
Barua ya wazi kwa mabunge ya kaunti za Kisii na Nyamira, na kwa kamati zinazotoa leseni za vileo

Waheshimiwa,

Bwairire. Nawapa salamu ya jioni kwa sababu nina neno kuhusu jioni zetu, tangu jua linapozama nyuma ya vilima hadi mama wa mandazi anapowasha jiko lake alfajiri.

Nina nyumba ya wageni ya vyumba sita kando ya barabara ya kutoka Kisii kwenda Keroka. Huu ni mwaka wa kumi na moja nikiwafungulia watu lango, na siku hizi namjua mgeni kwa swali lake la kwanza. Kuna anayeuliza bei. Kuna anayeuliza kama maji ya moto yapo. Halafu kuna yule anayetua begi, ananyoosha mgongo na kuniuliza, "Mama, hapa watu jioni huenda wapi?" Huyo ndiye ninayemwomba Mungu aniletee, maana anayeuliza hivyo ana hela ya kutumia na ana nia ya kulala. Na huyo ndiye nisiye na jibu la kumpa.

Msimu wa nyumbu uliopita nilimpokea mume na mke kutoka Nakuru. Walikuwa wametoka Maasai Mara wakapitia Kilgoris, wakakata hadi Tabaka kuona mawe ya sabuni yakichongwa. Mke alikuwa bado na vumbi jeupe kwenye viatu. Mume alikumbatia kifaru wa rangi ya waridi aliyefungwa kwa gazeti, na kila baada ya dakika chache alikuwa akilifungua gazeti aguse mgongo wake, jinsi msasa na maji ulivyoulainisha ukawa kama ngozi ya mtoto. Walipanga kukaa siku tatu. Kesho yake tungepanda vilima vya Manga pamoja, tufike Ngoro ya Mwaga, kisha tuteremke kwenye mashamba ya chai. Waliponiuliza lile swali niliwaelekeza mjini, mahali palipokuwa na kijana anayepiga gitaa siku za Ijumaa.

Saa nne na nusu usiku maafisa wakaingia. Sitawataja ni wa idara gani, wala mahali penyewe, kwa sababu sikuandika kushtaki mtu. Taa zote ziliwashwa, gitaa likanyamazishwa, watu wakaamriwa kutoka. Mume alikuwa na bia moja mezani. Mke alikuwa na maji ya machungwa na samaki aliyekuwa hajamfikisha nusu. Muda wa kufunga ulikuwa haujafika, lakini msako ni msako. Walirudi kwangu kwa bodaboda, samaki akiwa kwenye mfuko wa karatasi.

Asubuhi walikunywa chai, wakalipa, wakaelekea Kisumu. Yule mama aliniambia kwa upole, "Tumelala vizuri sana. Lakini mji ukikuambia nenda kalale, unaenda kulala mji mwingine."

Nimeyarudia maneno hayo moyoni mara nyingi. Nilipoteza usiku mbili za chumba kimoja, sawa. Lakini kijana wa kuongoza wageni Manga naye alipoteza siku, mama wa chakula cha mchana Nyamira alipoteza sahani mbili, na Tabaka ilipoteza kuku wawili wa mawe ambao mke alikuwa amesema atawarudia.

Najua sheria inasemaje. Sheria ya kudhibiti vileo ya mwaka 2010, ambayo sote tunaiita sheria ya Mututho kwa jina la aliyekuwa mbunge wa Naivasha, iliziwekea baa za kawaida saa zake: saa kumi na moja jioni hadi saa tano usiku siku za kazi, na saa nane mchana hadi saa tano usiku wikendi na sikukuu. Ilikataza pia baa kuwa ndani ya mita 300 kutoka shule. Kisha Katiba ikazipa kaunti kazi ya leseni za vileo, na tangu ugatuzi uanze mwaka 2013 kalamu iko mikononi mwenu.

Sikuja kuwaomba muitupe sheria hiyo. Nimeketi kwenye matanga ya vijana waliomalizwa na chang'aa, nimewashika mikono mama zao. Mwezi wa Februari 2024 watu zaidi ya kumi walikufa Kangai, kule Kirinyaga, kwa kinywaji chenye sumu, na baada ya hapo serikali ikaagiza baa zilizo katikati ya makazi na karibu na shule zifungwe. Mzazi yeyote wa Gusii aliyeshangilia agizo hilo alikuwa na sababu. Mtaa wa watu wenye watoto wanaoamkia shule hauwezi kulala kando ya spika tatu za baa. Hilo sitalipinga leo wala kesho.

Neno langu ni jingine. Saa ya kufunga ni mlango, na mlango huchagua nani aingie na nani ageuke. Mmekuwa mkichagua wageni wetu kwa miaka yote hii bila kuketi chini na kuulizana ni nani mnamtaka.

Mwangalieni anayekuja mjini kwa ajili ya chupa peke yake. Huyo saa tano haimsumbui. Mlango wa mbele ukifungwa, wa nyuma unafunguliwa. Pazia linashushwa, sauti inapunguzwa, na kitu kidogo kinapita mkono hadi mkono. Atakunywa hadi saa tisa, na kwa kuwa amefichwa hakuna wa kumwambia imetosha. Huyo hatukumfukuza. Anayefukuzwa ni yule ambaye hawezi au hataki kuingia kwa mlango wa nyuma: mwanamke anayesafiri peke yake, baba aliye na watoto garini, mzee wa Kanisa aliyekuja kununua sanamu za mawe kwa ajili ya duka lake Nairobi, mwalimu anayetaka kusikia obokano, ala yetu ya nyuzi, ikipigwa na anayeijua. Hawa wakiona mtaa mkuu umezimwa taa na watu wanakimbizwa, hawabishani. Wanaondoka.

Tuliwahi kuupima usiku uliofungwa kabisa. Mwezi wa Juni 2021, wakati wa korona, kaunti 13 za upande huu wa nchi, zikiwemo Kisii na Nyamira, ziliwekewa kafyu ya saa moja jioni hadi saa kumi alfajiri, huku kwingine ikianza baadaye. Ilikuwa kwa ajili ya uhai wetu na tuliitii. Lakini nilikuwa na daftari la wageni, na daftari halisahau. Katika majuma yale vyumba vyangu vililalwa na madereva wa malori ya chai, mafundi wa mitambo na maafisa waliotumwa kikazi, watu ambao wangelala hata pangoni kwa sababu kazi imewaleta. Hakuna mume na mke hata mmoja. Hakuna familia. Na nyuma ya ukuta wangu, kwenye plot ya majirani, watu walikuwa wakinywa kila usiku, lango likiwa na kufuli. Kafyu iliondolewa nchini tarehe 20 Oktoba mwaka huo. Jirani zangu waliendelea na lango lao. Wageni wa kutembea walichukua muda mrefu kurudi, na wengine naamini walishazoea Kisumu.

Mnaposikia neno mtalii, msimwone mzungu mwenye kofia peke yake. Mtalii wetu mkubwa ana jina la Kigusii. Siku timu yetu ya Shabana, Tore Bobe, inapocheza na Gor Mahia pale Gusii Stadium, mji hufurika watu wa Tore Bobe na wa Gor kuanzia asubuhi. Tangu timu ilipopanda tena ligi kuu mwaka 2023, baada ya miaka 17 nje, nimeona mabasi kutoka Nairobi, Nakuru, Migori. Mpira unaisha jioni. Kwa saa moja hivi barabara ni vuvuzela na nyimbo. Halafu, jua likishazama, kila mtu anatafuta gari, kama vile mtu amepuliza filimbi ya pili. Maelfu ya watu wenye furaha, wenye njaa na wenye pesa mfukoni, na sisi tunawasindikiza stendi. Wanaobaki ni wale wa mlango wa nyuma.

Na Desemba? Watoto wetu walioko Minnesota, Dallas na Uingereza huja nyumbani na watoto wao. Mjukuu wa miaka kumi na minne aliyezaliwa Minneapolis amekaa kwa nyanya yake juma zima, amekula obokima na chinsaga, ameonyeshwa kaburi la babu. Siku ya nane anataka kutoka jioni na binamu zake. Mjomba wake ampeleke wapi? Baa hapafai, na si halali. Hoteli kubwa zina televisheni na kuku. Basi wanakodi gari la kwenda Kisumu kuona ziwa, na Krismasi yetu tuliyoitafuta mwaka mzima inaliwa kwingine.

Nilipofika Zanzibar mara ya kwanza, nilienda Forodhani baada ya Magharibi nikiwa nimechoka, nikidhani nitakula nirudi kulala. Nilikaa hadi saa nne na nusu. Meza zimepangwa mbele ya bahari, taa za karabai zinawaka, mtu anageuza mishkaki, mwingine anakamua miwa yenye tangawizi na ndimu, urojo unamiminwa bakulini, watoto wanaruka kutoka ukutani kuingia majini na watu wanawapigia makofi. Wazungu, Wahindi, mabibi wa Kiswahili na mabuibui yao, wanafunzi, wote wamo. Pombe haiuzwi pale. Nilikuwa peke yangu, mwanamke mgeni, na sikuogopa hata mara moja. Pale ndipo nilipoelewa kwamba sisi tumechanganya mambo mawili: tumedhani usiku ni baa, kwa hiyo tukitaka kuzuia baa tunauzuia usiku wote.

Zanzibar ni watu wa dini. Wana adabu za mavazi, wana Ramadhani yao. Lakini waliuchagua usiku wao kwa makusudi. Tangu mwaka 2004 tamasha la Sauti za Busara limekuwa likileta wapenzi wa muziki karibu kila Februari, Ngome Kongwe ikijaa hadi usiku wa manane, na mgeni anayekuja kwa muziki ule hafanani na anayekuja kulewa ufukweni. Hata wao wamekosea. Januari 2024, leseni za waagizaji wa vileo zilipobadilishwa, hoteli zilijikuta na uhaba katikati ya msimu, bei zikapaa, na waziri wa utalii, Simai Mohammed Said, akajiuzulu. Mgeni anaweza kukubali sheria kali akiijua kabla hajalipa nauli. Ile inayomwangukia akiwa mezani haikubali, na wale wangu wa Nakuru ni ushahidi.

Upande wa pili kuna Mtwapa, kule Pwani yetu. Kila Mkenya anajua mji ule haulali. Unaleta watalii, ndiyo, na unaleta wale hasa wanaotafuta kisicho na mipaka. Uchunguzi wa UNICEF na serikali yetu uliotolewa mwaka 2006 ulikadiria kwamba wasichana kati ya 10,000 na 15,000 wa Pwani walikuwa wakitumiwa kingono katika biashara hiyo ya utalii. Nina binti. Siombi Mtwapa ije Kisii.

Hata Ulaya, waliotajirika kwa usiku wameanza kuuchuja. Mwaka 2020 visiwa vya Mallorca na Ibiza vilipiga marufuku ofa za vinywaji vya bei ya kutupa na misafara ya kunywa baa hadi baa, katika mitaa iliyotajwa kwa majina, si kisiwa kizima. Mwaka 2023 Amsterdam ilitoa matangazo kuwaambia vijana wa Uingereza wanaokuja kulewa kwamba wasije. Tunaweza kubishana kama walifaulu. Ninachopenda kwao ni kwamba walisema waziwazi ni mgeni gani hawamtaki, na mtaa gani wanauzungumzia. Sisi tumetumia rungu moja kwa muuza chang'aa na kwa mpiga gitaa.

Kwa Kisii, basi, ombi langu ni hili. Tengeni mtaa mmoja katikati ya mji, mbali na shule na hospitali, uwe na taa, vyoo, maji na askari wa kaunti wanaojua kusalimia, na muache watu wauze chakula hapo kuanzia jioni: ndizi za kuchoma, mahindi, chinsaga na obokima ya wimbi, samaki wa ziwani, chai. Muwe na jukwaa dogo. Mzee wa obokano apate mahali pa kuketi akasikilizwa. Vijana wa maigizo watuonyeshe nabii Moraa Ng'iti, na Otenyo aliyemchoma mkuki afisa wa kikoloni Northcote mwaka 1908. Watoto wetu wanaijua hadithi hiyo kwa vipande tu, na hadithi ni kitu cha usiku tangu enzi za nyanya zetu. Mgahawa unaouza chakula na mvinyo mezani upewe leseni yake na saa zake, mbali na baa za kunywa peke yake; sheria yenyewe ya 2010 inazitenganisha leseni za hoteli, mgahawa na baa, ni nyinyi tu mnaozisaka kwa msako mmoja. Kelele ipimwe kwa kifaa, na anayezidisha atozwe faini kesho yake ofisini. Asivamiwe wageni wakiwa wanakula. Baa za mtaani kwenye makazi zibaki zimefungwa. Za mlango wa nyuma zifungwe kweli, na maafisa wanaopokea kitu kidogo waulizwe.

Kwa Nyamira nina ombi tofauti kabisa, na naomba ndugu zangu wa huko wasidhani nawadharau. Msiige Kisii. Msitafute usiku wa taa. Mnacho kitu ambacho mtu wa Nairobi analipa pesa nyingi kukipata Naivasha na Nanyuki, na hakipati: kimya. Mgeni akilala karibu na Nyansiongo au Kebirigo, saa mbili usiku ukungu unashuka juu ya chai, na hasikii kitu ila vyura na mbwa mmoja wa mbali. Asubuhi anaamka kabla ya wachumaji kuingia shambani. Anapanda Manga jua likichomoza, na kukiwa hakuna mawingu macho yanafika mbali kuelekea ziwani. Huyu mgeni akisikia spika moja tu ya baa usiku, umempoteza. Kwa hiyo Nyamira iwe kali zaidi, si nyepesi zaidi, lakini iwe kali kwa sababu inauza kimya. Iandikeni hivyo kwenye mabango yenu. Mnaweza hata kukataza muziki wa nje kwenye mashamba yale baada ya saa tatu, na nitawashangilia.

Ndiyo maana ninawaandikia nyote wawili katika barua moja. Mgeni wa kweli atalala Kisii usiku wa Ijumaa kwa chakula na muziki, na Nyamira usiku wa Jumamosi kwa kimya. Usiku mbili, kaunti mbili. Leo anapata ukimya wa kulazimishwa Kisii na wakati mwingine baa za kelele Nyamira.

Na kuna Keroka. Mji ule mmoja mmeugawana, na mmeuvutia kila mtu upande wake kwa ajili ya mapato. Upande huu mfanyabiashara anapata leseni kwa Kisii, ng'ambo ya barabara mwenzake anapata kwa Nyamira. Nimeona msako ukifika upande mmoja na wanywaji wakavuka lami na glasi zao mikononi, wakaendelea kama hakuna kitu, maafisa wakiwatazama kutoka upande wa pili. Mama mmoja anayeuza mayai ya kuchemsha pale aliniambia yeye hahangaiki tena. Siku ya msako anahamisha kibanda. Kama hamwezi kukubaliana saa moja ya kufunga kwa barabara moja, mgeni wa kutoka nje ataielewaje?

Nawaomba wajumbe wenu wakae pamoja kabla ya Desemba, kamati za leseni na za utalii za pande zote mbili, na wakae Keroka, wala wasiende kwenye hoteli ya Naivasha. Waje Ijumaa usiku, saa tatu, watembee barabara ile kutoka mwanzo hadi mwisho bila ving'ora na bila kutangaza. Wahesabu walevi, wahesabu akina mama wanaouza, wahesabu watoto, wahesabu wageni. Kisha waje kwangu, ni mwendo mfupi. Nitakuwa nimechemsha chai ya Nyamira na nimekaanga ndizi za Kisii, na lile daftari la wageni litakuwa mezani wazi.

Wenu,
Mwenye vyumba sita, barabara ya Keroka